Joto la Februari

Ottilie, anayepiga pasi mashuka mezani kwangu, aliniambia:
usiende kwa muuza magari kabla hujajisoma.
Atakusoma yeye, na atakusoma kwa bei yake.

Basi usiku huu, Toledo ikiwa chini ya theluji,
nimeketi jikoni na koti mwilini,
chai imepoa, kompyuta inakoroma,
najisoma.

Kampuni tatu, ofisi zao sijui ziko wapi,
zimekuwa zikiniandika miaka yote hii
na hakuna hata moja iliyonipa kalamu.
Ya kwanza inanijua vizuri:
Marlena Kubiak, dobi wa hospitali,
kadi moja, haijachelewa kulipwa
ila mara moja, Agosti, nilipong'olewa jino.
Alama mia sita themanini na moja.
Si haba. Darasani sikuzoea kusifiwa.

Ya pili inadai niliwahi kupanga mtaa ambao sijaukanyaga,
lakini nayo inanipenda: mia sita sabini na nne.
Nikaliona gari. Buick ya buluu, dola elfu tisa,
mlango wa nyuma umebonyea
kama shavu la mtu aliyeng'olewa jino.
Nikajiona nafika zamu ya usiku bila kungoja basi
huku kope zikiganda.

Ya tatu.
Mia tano themanini na tisa.

Nilidhani ni macho. Nikafuta miwani kwa pindo la koti.
Kampuni ya gesi ya kupashia nyumba joto.
Dola mia nne na kumi na mbili, hazikulipwa,
zimeuzwa kwa wakusanya madeni.
Akaunti ilifunguliwa Februari,
kwa jina langu, kwa namba yangu,
mwaka ambao nilikuwa na miaka kumi na sita
na mali yangu yote ilikuwa tarumbeta ya kuazima shuleni.

Dawa ya deni kulipa, wanasema.
Dawa ya deni usilolikopa hawakuitaja.

Kuna kisanduku. Unaweka alama tu:
akaunti hii si yangu.
Chini yake swali: unamjua aliyeifungua?
Na chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi:
ambatisha taarifa ya polisi.

Namjua.
Anaitwa Thaddeus, ana mgongo mbovu,
kiwanda cha vioo kilimwachisha kazi wiki ya Krismasi.
Namkumbuka akipanda ngazi kutoka chumba cha chini, mikono myeusi,
akisugua viganja: "Wamerudisha. Vua kofia, Marlena."
Nikavua. Nikavua na soksi.
Nikaoga maji ya moto mpaka uso wangu ukapotea kiooni,
nikaandika jina langu kwa kidole juu ya ule mvuke.

Naye, kumbe, alikuwa ameshaliandika.

Muuza magari husoma ya tatu; nimeshauliza.
Asilimia kumi na tisa badala ya tisa, miaka mitano.
Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha, nikairudia:
karibu dola elfu tatu
kwa kuoga kule.

Simu inaita. Saa hizi ni yeye tu.
"Umeliona gari? Usitoe hata senti kabla sijalala chini yake.
Hao jamaa huficha kutu kwa rangi."
"Sawa, Baba."
"Na karatasi zako? Safi?"

Chini ya sakafu kipasha joto kinawaka chenyewe,
hewa vuguvugu inanipuliza vifundoni.
Mshale unapepesa ndani ya kisanduku kitupu.

"Baba," nasema, "Februari ile—"

Ananyamaza. Kisha nasikia kiti chake kikiburutwa,
kusogea karibu na kitu,
au mbali nacho.