Kaya Namba Mia Mbili na Saba

Nilifika Mtambwe saa tatu ya asubuhi,
beji shingoni, kishikwambi kwapani,
na maswali tisini na sita
yaliyotungwa katika mji nisioujua
na watu wasiojua
kwamba jamvi la karafuu halikanyagwi na viatu.

Nikavivua.

Bi Mize Shaame hakuinua kichwa.
Alikuwa akichambua,
karafuu huku, makonyo huku,
vidole vinakwenda vyenyewe
kama ulimi wa mtu anayesoma alichokihifadhi.
"Uliza," kasema. "Masikio hayachambui."

Paa?
Bati. La mbele jipya, la nyuma muulize mvua.
Sakafu?
Si hiyo umeikalia.
Jana mlikula mara ngapi?
"Mbili. Andika tatu,
usinivue nguo mbele ya watu nisiowajua."
Nikaandika mbili. Haya ilinishika mimi.

Baiskeli?
Ipo, haina mnyororo.
Nikatafuta kisanduku cha baiskeli isiyo na mnyororo,
sikukiona. Nikagonga NDIYO,
na papo hapo, katika hesabu za dunia,
Bi Mize akapanda daraja.

Swali la arubaini na moja:
Kwa maoni yako, kaya hii ni maskini kwa sababu gani?
Chagua moja.
Kukosa elimu. Wingi wa watoto.
Kukosa bidii. Hali ya hewa.
Majaaliwa ya Mungu.

Hapo mikono ikasimama.
"Mungu mmemweka wa mwisho?"
Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.
"Na mnunuzi, mwanangu? Mbona simsikii?"
Kisha, pole pole, kama anayehesabu punje:

*Pishi tangu utotoni, na kilo, ninazijua,*
*Jasho langu mzanini, sijaona likitua,*
*Bei hupangwa ng'amboni, sisi kwetu kuchukua,*
*Mti wetu uwanjani, kivuli kwao hukua.*

Kishikwambi kiliandika: Jibu halijachaguliwa.

Akaingia ndani, akatoka na kichupa
kifupi kuliko kidole gumba changu.
Zawadi ya mkwewe, kutoka Maskati, ya jino.
"Nisomee."
Nikasoma: mafuta ya karafuu,
na chini, kwa herufi za chungu,
jina la nchi ambayo mkarafuu
haujapata kuota hata kwa kukosea njia.
Bei bado imebandikwa: riyali mbili na nusu.
Tukapiga hesabu, yeye kwa vidole, mimi kwa mashine,
yeye akatangulia:
pishi kumi na tano za kuchuma.
Akakinusa, akakunja uso.
"Hii yetu. Imetiwa maji."

Nami nalipwa kwa dodoso, kama yeye kwa pishi.
Kaya nane kwa siku, chini ya hapo hakuna posho.
Maneno yake nayachuma mabichi,
huenda kukaushwa mbali,
huchujwa, hutiwa asilimia,
na siku moja hurejea Wete ndani ya kitabu kizito
chenye jalada la kung'ara
na picha ya mtoto asiyeulizwa jina.
Maktaba ya chuo tuliazimwa nakala moja.
Ya kusomea humo humo.

Swali la tisini na sita:
Je, mhojiwa ana swali kwa mhoji?

"Ninalo," kasema. Jua lilikuwa limefika ukingo wa jamvi
naye anaanza kuzikusanya kwa viganja.
"Hao waliokutuma, kwao mmeshakwenda?
Mmekaa sakafuni kwao mkawauliza
wametajirika kwa sababu gani?
Wasomeeni na wao. Wachague moja."

Kisanduku kilikuwa na nafasi ya herufi thelathini.
Nikaandika, nikafuta,
nikaandika tena, ikakatika katikati ya neno.
Nikabonyeza TUMA.
Mtandao ukazunguka, ukazunguka.

Nilivaa viatu nje ya jamvi.
Kaya namba mia mbili na nane
ilikuwa ng'ambo ya bonde,
na skrini nzima ilinuka karafuu.