Konde la Radi, la Tano

Alhamisi diski ilivuka kutoka Mokowe
ndani ya soksi ya Famau, isije ikalowa.
Ijumaa baada ya sala chumba changu cha Langoni
kilikuwa na vichwa kumi na saba, pedi mbili,
feni inayopuliza joto lile lile,
na kila kichwa na hukumu yake.

La kwanza tulilipenda kwa kuwa halikuwa na mwenzake.
La pili lilileta mvua ulingoni.
La tatu ndilo lililonifunza kumngoja mtu akosee.
La nne hatulitaji.

Na hili?

"Picha safi," akasema Bwanaheri, "hata jasho lina kivuli."
"Jasho si mchezo," akajibu Kupi.
"Lile la tatu, konde likikupata
walisikia kwenye meno.
Hili lapiga kama mtu akung'uta mkeka."
Kupi ana miaka kumi na mitatu,
huizungumza zamani kama mstaafu wa bandari.

Halafu kuna habari ya kitufe.
Zamani pigo la radi lilitaka vidole vyote:
chini, mbele, chini, nusu duara, shika, achia, omba.
Wenyewe huyaita kombo,
na kweli, lilikwenda kombo mara tisa kwa kumi.
Mie nililisomea miezi minne, usiku, sauti nimeizima,
mama asijue kuwa bintiye yu macho
na wala haswali tahajudi.
Sasa kitufe kimoja. Bonyeza, radi hiyo.
"Wamewapikia, wamewatafunia, bado kuwamezea," nikasema,
na chumba kikacheka,
maana mwenye chumba ndiye mwenye rimoti.

Kisha akatokea mgeni wao, Zuka,
"mpiganaji kutoka pwani."
Nusura tuiangushe televisheni.
Ana fimbo! Ana leso kiunoni!
Nyuma yake ukuta wa matumbawe, mlango wa nakshi,
na punda, wallahi, punda anayetafuna boksi.
Dakika nzima hakuna aliyecheza.
Tulimwangalia punda.

Shekuwe, asiyekosa kirumbizi cha harusi yoyote,
akaomba pedi, akaijaribu ile fimbo, akairudisha.
"Huyu hajasimama duarani hata siku moja.
Fimbo hugonga fimbo, haigongi mtu.
Na ukiingia waomba kwanza, kwa mato.
Huyu aingia kama adai deni."

Mwanaesha alikuwa kimya, pua karibu iguse kioo.
"Hii leso haina jina."

Tukaisimamisha picha. Tukaikuza.
Pindo zuri, mji umejaa korosho,
na pale penye maneno, patupu.
Mwanamke gani huyo aende vitani
na leso isiyosema kitu?

Famau hakungoja kuombwa:

*Fundi uliyetuchora, twakushukuru moyoni,*
*Punda umempa sura, kama punda wa Langoni,*
*Ila leso ni hasara, haina jina pindoni,*
*Bingwa asiye ishara, atambe na neno gani?*

Saa tatu usiku walibaki wachache.
Lali akasogea kutoka nyuma.
Miaka miwili, tangu msumeno wa Matondoni
umwachie vidole viwili mkono wa kulia,
yeye ndiye mtangazaji wetu: hutaja makonde ya wenziwe.
Akamchukua Zuka. Kitufe kimoja.
Radi.
Kupi chini.
Radi tena.
Kupi hakusema neno juu ya lile la tatu.
Nikakaa mie. Raundi mbili kwa moja, na ile moja
nadhani alinionea haya.

Bado nasema la tatu lilikuwa bora.
Nalisema polepole, Lali asisikie.

Tulipokuwa tukifunga, Mwanaesha alikata utepe mweupe,
akaubandika kwenye kioo, juu ya leso ya Zuka,
akaandika kwa kalamu ya wino:
UMENICHORA, HUKUNIULIZA.

Tukatazama. Limekaa sawasawa.
Halafu Zuka akapiga hatua mbili,
na jina likabaki nyuma, juu ya punda.