Kundi la Kwanza

Kundi la kwanza wanapewa maji.
La pili, sumu ya pamba, kwa kipimo,
kwa sindano butu inayopita juu ya ulimi.
La tatu, sumu ileile, ila saa moja kabla
wameonjeshwa mafuta ya habbasoda.
La nne, habbasoda tupu, tujue kama haina hila.

Mimi ni Inshirah, mfagia vizimba.
Ripoti siandiki. Nabadilisha maranda,
nahesabu mikia, nazima taa saa mbili usiku.
Siku ya kumi na tisa nilijua kabla ya mizani:
kundi la pili hawagombani tena.
Wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama,
machozi mekundu yamewakaukia puani.
Wa tatu nao wamenyong'onyea,
lakini mmoja, mwenye sikio lililochanika,
bado aliniuma kidole.
Nikafurahi. Nikafunga kidonda, nikafurahi.

Siku ya arubaini Daktari Fikriya aliyapanga maini
kwenye sahani za kioo.
Ya kundi la pili yamepauka kama mkate uliolowa.
Ya la tatu yana madoa, ila rangi yake bado ni ya ini.
"Imepunguza," akasema, akaandika.
Nikamuuliza: imezuia?
"Nimesema imepunguza, Inshirah."

Ijumaa nikaenda kwetu, ng'ambo ya mfereji,
nikamsimulia kaka yangu Shawqi,
yeye wa bomba mgongoni tangu ana miaka kumi na minne,
apulizaye pamba bila glavu,
kitambaa cha pua amekigeuza cha kufutia jasho.
Nilitaka kumtisha.
Alichosikia ni habbasoda.

Juma la pili, kijiji kizima kimesikia.
Haji Metwali, muuza pembejeo,
kila chupa ya sumu anaifunga na kijipakiti cheusi,
bure, zawadi ya duka.
"Kinga," anasema, kidole juu. "Chuo kikuu kimethibitisha."
Na Shawqi, ambaye zamani alipuliza alfajiri tu,
upepo ukiwa haujaamka,
sasa anapuliza hadi adhuhuri,
kijiko cha mbegu chini ya ulimi,
mabata bukini wa mama wakimfuata nyuma,
wakinywa pale alipooshea bomba.

Kinga na kinga, wahenga walisema, ndipo moto uwakapo.
Sikujua neno moja laweza kuwa ngao
na lilelile likawa ukuni.

Mabata wawili wamekufa.

Nilipomweleza Daktari alivua miwani, akaketi
kwenye gunia la chakula cha panya.
"Panya nilimpa kwa miligramu," akasema.
"Kaka yako anapewa na upepo."
Kisha akanyamaza muda mrefu,
mpaka vizimbani wakaanza kutafuna tena.

Leo, kabla ya kuzima taa, nimefungua jedwali lake.
Najua wasomaji watakimbilia mstari wa tatu,
wenye nyota ndogo kando ya tarakimu.
Kidole changu, hiki chenye alama ya meno,
kimekwama mstari wa juu, ambao hata Shawqi
hakuniuliza habari zake:
maini mekundu, laini, mazito kama ipasavyo.
Hawa hawakukingwa na kitu.
Walikunywa maji.