Mgongo wa Picha

Studio ya baba ilikuwa chumba kimoja pale Sikonge,
ukuta wa nyuma umechorwa bahari
na fundi ambaye hakuwahi kuvuka Itigi,
pamoja na ndege ya mabawa mafupi,
isingefika hata Ipole.
Palikuwa na koti moja.
Kila mwanamume wa pande zile amewahi kuwa tajiri
ndani ya koti lile
kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu.
Kazi yangu ilikuwa kulipiga brashi,
kufunga tai, kushika taa.

Mwaka wa asali nyingi aliingia Mgalula,
moshi wa mwenge bado umo nyweleni,
kamba ya gome begani, na mzinga
alioumaliza kuchonga juzi, unanuka mti mbichi.
Nikamletea koti.
Akalitazama kama mgeni anavyotazama sahani ya mwenzake.
"La nani hili?"
"La studio."
"Basi ipige picha studio."

Baba alicheka mpaka akakaa.
Kisha akaifunika bahari kwa kaniki ya mama,
akaniambia nizime taa, nifungue dirisha.
Jua la saa tatu likaingia bila hodi
likamkuta Mgalula amesimama wima,
kiganja juu ya mzinga
kama juu ya bega la mdogo wake.
"Usitikisike," nikasema, kwa sauti ya mkubwa.
"Mwanangu, mimi naishi na nyuki."

Usiku ule baba alinifungulia droo.
Mlikuwa na ukurasa uliochanwa kwenye kitabu cha wageni,
kitabu cha zamani, karatasi rangi ya chai.
Mwanamke amegeuzwa upande, sikio mbele,
ubao wa vipimo kando ya pua yake,
na chini yake maneno mawili na namba:
Mwanamke, Unyamwezi, 14.
Kichwa kimepimwa. Shingo imepimwa.
Jina hakuna aliyelitaka.
"Ni ndugu yetu?" nikauliza.
"Sijui," akasema baba. "Ndiyo maana silali."
Akageuza ukurasa. Nyuma palikuwa na picha ya twiga.

Tangu hapo kalamu ikawa kazi yangu.
Picha ikikauka, naigeuza, naandika:
*Kalunde binti Nkwabi. Mfinyanzi. Chungu hiki hakiuzwi.*
*Mihayo, mpiga filimbi wa treni. Mkewe amemwambia asinune.*
*Kashindye, mkunga. Watoto mia mbili na sita, nao bado wanakuja.*
*Nyanso na Mbula. Wamegombana njiani. Wamepatana hapa hapa.*
Wengine walitaja mama na bibi mpaka wino ukaisha.
Mmoja hakusema kitu,
alishika mkono wangu, akauweka juu ya goti lake,
penye kovu. Nikaandika: *kovu*.

Siku hizi napiga za vitambulisho.
Kitambaa cha bluu, masikio yote mawili yaonekane,
vua kilemba mama, usicheke mzee,
mashine haipendi meno.
Nawapiga, nalipwa, na wakiondoka
nasikia ule ubao ukigusa pua ya mtu.
Kwa hiyo nimejiwekea sheria yangu:
ukishamaliza ya serikali, kaa tena.
Hii ya pili hulipi.
Weka kilemba unavyokijua wewe.

Jumanne iliyopita alikuja binti wa Mgalula,
mwalimu, amefika kwa basi la Tabora, viatu vumbi tupu.
Mzee wamemzika Ijumaa.
Nyumbani picha yake iliungua pamoja na paa.
Nikaipekua kasha baada ya kasha,
mende wakakimbia, negativu zikanibandika vidoleni,
nikaikuta.

Aliishika kwa kingo, kama mtu ashikavyo sega.
Hakulia. Alitoa simu yake,
akaiweka picha juu ya kaunta,
nikadhani atampiga baba yake uso.
Akaigeuza.
Akapiga mgongo kwanza,
mwandiko wangu wa darasa la tano, herufi zinaparamiana:
*Mgalula wa Ipole. Mama yake Limi. Mrina asali.
Koti amelikataa.*