Kwenye Nati

Baba aliandika kwa penseli ukutani mwa gereji,
juu ya ndoo ya chumvi ya barabara:
Moja, pumzi. Mbili, upepo. Tatu, moyo.
Ya nne aliiacha namba tupu.

Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu kushika taa.
"Tuva, taa. Si usoni mwangu. Kwenye nati."
Nje, Skellefteå imezama katika giza la saa nane mchana,
theluji imepanda hadi kitasa cha mlango,
na ndani, juu ya vigogo vinne vya msonobari,
Volvo mia saba arobaini, rangi ya chai iliyolala,
tuliyouziwa na mjane wa mchungaji wa Burträsk
aliyeapa kwamba haijawahi kuvuka themanini.

Hatua ya kwanza ilikuwa ekzosi.
Akang'oa ile nyembamba ya kiwandani,
akachomelea bomba la inchi tatu, kichwani hadi mkiani.
"Kabla hujamlisha mtu, mwache apumue."
Mbwa wa Evert hakurudi kwao hadi Jumatatu.

Ya pili ikaja na baridi ya mwaka uliofuata:
kipoza hewa cha Saab iliyopinduka,
nozeli nne ndani ya soksi yangu ya sufi,
geji ya presha pale pale mchungaji alipoweka msalaba.

Nikauliza, turbo ni nini?
Akafuta mikono kwanza.
"Moshi uliomaliza kazi, unaokwenda kutupwa,
unauzuia mlangoni. Unauambia: zungusha feni hii, ndipo uende.
Feni inamzungusha mwenzake,
mwenzake anashindilia hewa mpya ndani.
Kilichokwisha kinakisukuma kinachoanza."
Mkono wangu ukachoka, taa ikashuka.
"Tuva. Kwenye nati."

Ya tatu: turbo ya lori, kutoka makaburi ya vyuma,
nzito kama kichwa cha ndama.
Wiki nzima kuifunga. Siku moja kuiwasha.
Akaongeza presha robo, na robo, na
pistoni ikayeyuka kama siagi kikaangoni.
Ninayo bado. Ina tundu la kutosha kidole.

Baada ya hapo pesa zilikuwa na njia zake:
meno yangu, paa, chuo changu Luleå.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila kibaba chetu nacho kilikuwa na tundu la kidole.

Sasa vidole vyake ni vyeupe.
Miaka thelathini na moja ya msumeno msituni;
hajui tena kama boliti imekamata au inazunguka bure.
Hakulalamika. Alifunga kisanduku cha spana
kama mtu anavyofunga Biblia ya marehemu.

Basi nimerudi. Kiwanda cha betri kinanilipa mshahara,
na mshahara wa betri, Mungu anisamehe,
umenunua pistoni nne za kufuliwa, konrodi, gasketi ya chuma.
Mimi navuta spana. Yeye amefumba macho,
anaungojea ule mlio mdogo wa chuma kinapokubali.
"Bado," anasema. "Bado. Hapo."
Taa inatetemeka mkononi mwake, inanipiga usoni.
"Baba. Kwenye nati."

Mwezi wa tano, mto ukitema barafu, tumeshika njia ya Jörn.
Gia ya tatu. Nakanyaga.
Kimya.
Mguu umekwisha omba, nguvu haijajibu;
katika nukta ile mna baridi kumi na tano za turubai.
Halafu upepo ukapaza sauti,
misonobari ikawa ukuta mmoja,
na baba, asiyehisi kitu kwa vidole,
akabandika kiganja kizima juu ya dashibodi:
"Naisikia," akasema. "Tuva, hii naisikia."

Alhamisi mkaguzi amelikataa gari.
Breki sawa, taa sawa. Kelele.
Baba ameigongomea ile karatasi ukutani kwa furaha,
kisha akanipa penseli, maana haikai mkononi mwake.
"Andika tano."
Tano, nini?
"Andika namba tu."