Kabla Mpira Haujafika

Muhula wa kwanza niliusoma mpira tu.
Nilijua mishono yake, kidonda chake pale ngozi ilipobanduka,
mlio wake ukiwa na upepo pungufu.
Nikiupokea nauinamia kama mtu aliyedondosha shilingi,
na kabla sijainua kichwa
kuna mtu kashaondoka nao.
Mara saba, siku ile tulipocheza na vijana wa Urambo.
Mara saba. Mwalimu Nyamizi alihesabu kwa karanga:
kila nikinyang'anywa, anatoa moja mfukoni, anaitafuna.

Jioni akaniita ofisini, chumba cha chaki na jezi mbichi,
akafungua mechi kwenye simu yake yenye ufa,
akaufunika mpira kwa kidole gumba,
kidole kikiufuata popote uendapo.
"Haya, niambie unaona nini."
Sikuona kitu. Watu wanakimbia huku na huku
kama kuku waliomwagiwa maji.
"Rudia."
Mara ya nne nikamwona beki wao wa kushoto:
akichoka anashika kiuno,
na nyuma yake nyasi tupu,
mahali pa kutosha kuanika tumbaku ya kaya nzima.

Baba yake alikuwa mbadilisha njia pale stesheni ya Tabora,
miaka ishirini na sita, mkono kwenye wenzo wa chuma.
Treni ya Mwanza, ya Kigoma, ya Mpanda, ya kushuka pwani.
"Hakuwa na habari na treni," aliniambia.
"Treni inakuja yenyewe, kelele inazo.
Yeye alitazama njia ipi iko wazi."

Basi tukaanza. Alfajiri, vumbi la Juni likiwa bado na baridi,
Lushinge ananipigia pasi, mwalimu yuko mgongoni kwangu
kainua vidole. Nitaje idadi kabla mpira haujanigusa.
Vitatu! Mpira ukanipita.
Kimoja! Ukanigonga goti.
Vinne! Vilikuwa viwili,
na wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini.
Shingo ikaniuma wiki mbili.
Nikawa nageukageuka hata kwenye foleni ya ugali,
nikajua nani yuko nyuma yangu, nani kaficha bakuli la pili,
nani atanichomekea tukifika kwenye maharage.
Macho yanadanganya, alisema, na miguu nayo inadanganya.
Nyonga haijui uongo. Itazame inakoelekea.

Usiku niliwapanga wachezaji juu ya chandarua,
mmoja mmoja, wetu na wao.
Kuna usiku walisogea
bila mimi kuwaambia.

Marudiano na Urambo. Dakika ya themanini na kitu, bila kwa bila.
Mpira unakuja, nami nimekwisha kutazama:
kulia kumefungwa,
nyuma kuna pumzi ya mtu,
beki wa kushoto kashika kiuno.
Nikaupiga mguso mmoja tu
kwenye zile nyasi.

Hapakuwa na mtu.
Mpira ukaenda taratibu, peke yake,
kama mgeni aliyeshuka stesheni asipokewe,
ukavuka mstari wa chokaa,
ukasimama chini ya baiskeli ya muuza asali.
Watu wakazomea. "Unampasia nani, jini?"
Mmoja akauliza kama nimelipa ada
au nasomea upofu.

Lushinge alikuwa hatua kumi na tano kutoka pale,
mikono kichwani.
Hakunitazama mimi. Hakuutazama mpira.
Alizitazama zile nyasi,
akazitazama mpaka refa akampigia filimbi arudi nyuma.

Na pale ukingoni Mwalimu Nyamizi
alikuwa keshatoa karanga.
Akaigeuzageuza kiganjani.
Akairudisha mfukoni.