Msumeno

Khelef kaandika nyuma ya risiti ya umeme:
Wete, vyumba vitatu na ua wa kufugia kuku,
kodi haifiki nusu ya hii ya Vuga.
Chini yake kapiga mstari, mara mbili.

Mimi nikahesabu kwa mdomo:
wateja wangu wa mikate ya ufuta,
skuli ya Nasriya, mguu wa mama na kliniki yake,
na Bi Time, anayenikopa chumvi akalipa kwa habari.

"Bi Time keshahama. Tangu Jumaatatu.
Kwake wanatia mabafu ya wageni."

Nikanyamaa.
Uchochoro una milango saba;
miwili tu bado inanuka kitunguu ikifika magharibi.
Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi,
anaitaja kwa dola, taratibu,
kama mtu anayetoa mkono wa tanzia.

"Haya, tuhame. Na kitanda?"
Kiliundwa humu humu chumbani,
fundi akipandisha mbao moja moja.
Ngazi hii haikitoi kizima.

Khelef akaupima mlango kwa shubiri.
Akaupima tena.
Kisha akauliza, hanitazami,
nani hapa mtaani
bado ana msumeno.